Mwongozo kamili: namba za gem5 zinazorudi zilezile kila unapopima

Umeendesha programu ileile mara mbili kwenye gem5, simuleta ya kompyuta. Hukugusa kitu. Unafungua faili zote mbili za matokeo, stats.txt, na kukuta simTicks, yaani muda uliopita ndani ya simuleta, hazilingani. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba unashawishika kuiacha ipite. Usiiache. Siku utakapodai kwamba kashe (memori ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa) uliyoibuni imeongeza kasi kidogo, tofauti hiyohiyo ndogo ndiyo itakayokuuliza kasi hiyo imetoka wapi.

gem5 huigiza prosesa, kashe na memori tukio kwa tukio. Ilizaliwa kwa kuunganisha simuleta mbili, M5 ya Chuo Kikuu cha Michigan na GEMS ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, na makala iliyoitambulisha ilichapishwa 2011. Ndani yake prosesa haipati joto, hakuna kivinjari kinachogombania memori, wala saa ya ukutani haina nafasi. Kuna foleni moja ya matukio, kila tukio na saa yake, na simuleta inayatoa moja baada ya jingine. Ukiilisha vitu vilevile itakupa jibu lilelile hadi tarakimu ya mwisho. Kwa hiyo namba zikitofautiana, kuna kitu ulichoilisha ambacho kimebadilika bila wewe kujua. Hatua zilizo hapa chini ni za kukifunga kitu hicho kabla hakijabadilika, na kukisaka kikishabadilika.

Nitachukulia kwamba unatumia Linux, unaigiza prosesa za aina ya X86, na umeshaendesha angalau mfano mmoja wa gem5 ukaona unafanya kazi. Kwa ARM na RISC-V mambo ni yaleyale, isipokuwa majina ya folda.

Hatua ya 1: Jua namba ipi inapaswa kurudi

Angalia mistari ya juu ya stats.txt. Humo zimekaa familia mbili za namba. Zinazoanza na sim, kama simTicks, simSeconds na simInsts (idadi ya amri zilizotekelezwa), ni za ulimwengu wa ndani ya simuleta. Zinazoanza na host, kama hostSeconds, hostMemory na hostInstRate, ni za kompyuta yako: simuleta yenyewe imechukua sekunde ngapi na imekula memori kiasi gani. Familia ya kwanza lazima irudi ilivyo. Ya pili haitarudi kamwe, na haina deni la kurudi.

Nimeona mtu akilinganisha hostSeconds za mizunguko miwili ya simuleta na kusema prosesa yake mpya ina kasi zaidi. Kompyuta yake ilikuwa tu na kazi chache siku ile.

Tiki moja ni pikosekunde moja, kwa kuwa gem5 kwa kawaida huhesabu tiki 1,000,000,000,000 katika sekunde. Prosesa ya GHz 3 humaliza mzunguko mmoja wa saa kila tiki 333. Tofauti ya tiki 333 kwenye simTicks maana yake mahali fulani prosesa imesubiri mzunguko mmoja wa saa zaidi, na hilo lina sababu. Usichanganye simTicks na finalTick: ya kwanza huanza upya kila unapofuta takwimu, ya pili haifutwi, huhesabu tangu mwanzo wa uigizaji.

Jambo la kukutuliza: kuendesha simuleta nne au nane kwa wakati mmoja kwenye kompyuta moja hakubadilishi simTicks hata kidogo. Kitakachobadilika ni muda utakaokaa ukingoja. Hakikisha tu kila moja ina folda yake ya matokeo, kwa alama ya -d, la sivyo zote zitaandika juu ya m5out moja na utasoma mchanganyiko usio na mwenyewe.

Hatua ya 2: Funga toleo la simuleta

Usichukue tawi la maendeleo na kulijenga leo, kisha urudi kulivuta tena wiki ijayo. Tangu 2020 gem5 hutolewa kwa matoleo yenye namba. Chagua moja ukae nalo hadi mradi uishe:

```
git clone https://github.com/gem5/gem5
cd gem5
git checkout v23.1.0.0
scons build/X86/gem5.opt -j8
```

Kama umebadilisha msimbo, weka kila badiliko kwenye Git kabla ya kupima, ili kila namba iwe na alama ya Git iliyoizaa. Jengo la gem5.opt linatosha kwa kazi nyingi. Lipo pia gem5.fast, linaloondoa ukaguzi wa ndani ili liende haraka. Haya mawili yanapaswa kutoa simTicks zilezile. Yakitofautiana, kuna hitilafu kwenye msimbo, na mara nyingi ni kwenye ule ulioandika wewe.

Kama kazi itafanyika kwenye kompyuta zaidi ya moja, tumia Docker, inayofungasha programu na mazingira yake katika picha moja, na uhakikishe kila mtu anatumia picha ileile. Kompaila tofauti hazitakiwi kubadilisha matokeo, lakini msimbo wenye kigeu kisichopewa thamani ya mwanzo unaweza kuonekana mzima chini ya kompaila moja na kuyumba chini ya nyingine.

Hatua ya 3: Jenga programu ya kupimia mara moja tu

Hapa wengi hujikwaa. Wanajenga simuleta kwa uangalifu, halafu programu ya kupimia wanaijenga upya kwenye kila kompyuta. Kompaila ya toleo jingine hupanga amri kwa namna nyingine, na hapo unaigiza programu mbili tofauti zenye jina moja. Ijenge mara moja, uichukue alama yake ya sha256 (mfuatano wa herufi unaobadilika faili likiguswa hata kidogo), na usambaze faili hilohilo:

```
gcc -O2 -static -o panga panga.c
sha256sum panga
```

Alama ya -static ina uzito kuliko inavyoonekana. Katika hali ya SE, ambamo gem5 huitikia maombi ya mfumo endeshi yenyewe bila kuwasha keneli (kiini cha mfumo endeshi), programu isiyo ya static huenda kutafuta maktaba ya C kwenye kompyuta mwenyeji. Ubuntu ya mwaka huu na ya mwaka juzi zina maktaba tofauti, hivyo idadi ya amri inabadilika kabla hata main haijaanza. Andika `file panga` uhakikishe imeandikwa statically linked.

Usitumie -march=native. Itaiambia kompaila itumie amri za prosesa iliyo mezani kwako, ambazo kwenye kompyuta ya mwenzako ni nyingine, na baadhi yake gem5 haizifahamu kabisa.

Ndani ya programu, ondoa kila kinachotegemea saa. Ukiandika srand(time(NULL)) katika SE utapata jambo la kushangaza: gem5 huanza kuhesabu muda kutoka sekunde 1,000,000,000 tangu 1970, kwa hiyo programu yako inaamini leo ni tarehe 9 Septemba 2001. Kwa bahati hiyo mbegu, yaani namba inayoanzisha namba za nasibu, itarudi ileile mara nyingi, nawe utadhani uko salama, hadi siku utakapobadilisha kashe, maandalizi yakavuka mpaka wa sekunde, na data yote ikabadilika. Andika srand(12345) uendelee na kazi.

Hatua ya 4: Njia ya folda, staki na mazingira

Hatua hii nitaikalia, kwa sababu ndiyo iliyonila karibu wiki nzima.

Nilikuwa na faili moja la programu lenye alama ileile ya sha256, toleo moja la gem5 na skripti moja. Kwenye laptopu yangu simTicks zilirudi zilezile kila nilipoendesha. Kwenye seva pia zilirudi zilezile. Lakini za laptopu hazikulingana na za seva. simInsts zilikuwa sawa kabisa, muda tu ndio uliotofautiana. Nilishuku kompaila, nikashuku memori, nikajenga kila kitu upya mara mbili. Kumbe tofauti ilikuwa jina la folda.

Programu inapoanza, juu ya staki yake, sehemu ya memori inayoshika vigeu vya ndani, huwekwa jina la faili lake pamoja na njia nzima, hoja ilizopewa na vigeu vya mazingira. gem5 hufanya hivyohivyo katika SE. Sasa hesabu herufi: `./panga` ni herufi 7, `/home/mwanafunzi/miradi/vipimo/panga` ni 36. Herufi 29 za ziada, na jina hilo huandikwa zaidi ya mara moja, husukuma staki yote chini. Vigeu vyote vya ndani ya main vinahama navyo. Kigeu kilichokaa chote ndani ya mstari mmoja wa kashe wa baiti 64 sasa kinaweza kupasuliwa kati ya mistari miwili, au kuangukia seti moja na data nyingine inayotumika sana na kuanza kufukuzana nayo. Amri ni zilezile, idadi ni ileile, lakini muda ni mwingine.

Jambo hili halikuwa geni. Todd Mytkowicz na wenzake walilionyesha kwenye mkutano wa ASPLOS wa 2009: ukubwa wa vigeu vya mazingira pekee, au mpangilio wa faili wakati wa kuunganisha programu, unaweza kugeuza jibu la swali kama -O3 inaishinda -O2 au la, ambavyo ni viwango viwili vya kompaila vya kuongeza kasi ya programu. Waliliona kwenye prosesa ya Pentium 4, wakaliona kwenye Core 2, na wakaliona hata ndani ya simuleta ya M5, mzazi wa gem5. Tuliosoma makala ile tukadhani ni habari za kompyuta halisi tu tulilipa kwa muda wetu.

Dawa yake ni rahisi. Weka programu mahali pamoja palepale kwenye kila kompyuta, kwa mfano /kazi, na kama unatumia Docker funga folda hiyo ndani ya kontena kwa jina hilohilo. Kisha kwenye skripti andika kila kitu wazi, usiiachie gem5 ichukue ilichokikuta:

```
mchakato = Process()
mchakato.executable = "/kazi/panga"
mchakato.cmd = ["/kazi/panga", "4096"]
mchakato.cwd = "/kazi"
mchakato.env = []
```

Baada ya kuendesha, fungua config.ini iliyo ndani ya folda ya matokeo. Humo gem5 huandika kila kigezo kama ilivyokielewa yenyewe, ambacho si lazima kiwe kile ulichodhani umeiambia. Tafuta cmd, cwd, env na executable. Linganisha config.ini mbili kwa diff kabla ya kulinganisha namba. Tangu nianze desturi hii, nusu ya mafumbo huisha hapo hapo.

Hatua ya 5: Pima kipande unachokidai

Kama dai lako linahusu kupanga orodha, usipime na muda wa kufungua faili, kutenga memori na kuchapisha jibu. gem5 ina amri maalumu ambazo programu inaweza kuziita kutoka ndani. Jenga kwanza maktaba yake:

```
cd util/m5
scons build/x86/out/m5
```

Kisha ndani ya programu:

```
#include <gem5/m5ops.h>

panga(data, n); /* zoezi la kupasha moto */
rudisha(data, asili, n);
m5_reset_stats(0, 0);
panga(data, n);
m5_dump_stats(0, 0);
```

Wakati wa kujenga ongeza njia ya include ya gem5 na -lm5. Ule mwito wa kwanza wa panga si wa mapambo. Kashe ikiwa baridi, unapima zaidi safari za kwenda memori kuliko kazi yenyewe. Ukitaka kupima hali ya baridi pima, lakini useme hivyo.

Kuna mtego hapa. m5_dump_stats ikiitwa, gem5 huandika fungu moja la takwimu kwenye stats.txt. Programu ikimalizika, huandika fungu jingine chini yake. Skripti ya grep simTicks sasa inarudisha mistari miwili, na mtu mwenye haraka huchukua wa mwisho. Fungu la mwisho linahesabu kuanzia ulipofuta takwimu hadi programu ilipofungwa, pamoja na kuchapisha jibu. Unalolitaka ni la kwanza. Kila fungu huanza na mstari wa Begin Simulation Statistics. Fundisha skripti yako kuyatenganisha, au iite m5_exit mara tu baada ya kupima na bado uhesabu mafungu.

Hatua ya 6: Mbegu za nasibu, na msimbo wako mwenyewe

Baadhi ya sehemu za gem5 hupiga kura, mfano mzuri ukiwa sera ya kashe inayochagua kwa nasibu mstari wa kuondoa. Kura hizo hutoka kwa mashine ya namba za nasibu yenye mbegu isiyobadilika, kwa hiyo zinarudi zilezile. Hilo halihitaji kazi yako.

Kazi ipo kwenye C++ unayoiongeza. Ukihitaji nasibu, tumia ile ya gem5, usiite rand() yako wala saa ya kompyuta. Kila kigeu kipe thamani ya mwanzo. Na usipange vitu kwa anwani ya pointa, mfano kwa kuweka pointa kama ufunguo wa std::map na kisha kuipitia yote. Linux hutawanya anwani kila programu inapowashwa, hivyo leo kipengele A kitatangulia B na kesho B atamtangulia A. Sera yako ya kashe itachagua tofauti bila mstari hata mmoja wa msimbo kuguswa.

Kipimo cha ugonjwa huo ni chepesi. Endesha simuleta ikiwa na `setarch -R` mbele ya amri yake, ambayo huzima utawanyaji wa anwani. Namba zikitulia hapo, umeshajua pa kutafuta. Usiiache setarch iwe ndiyo tiba. Tafuta pointa au kigeu hicho ukitengeneze. Zana iitwayo valgrind itakusaidia kwa vigeu visivyo na thamani.

Hatua ya 7: Ukiigiza kompyuta nzima

Katika hali ya FS unawasha keneli halisi ya Linux juu ya diski ya kuigiza. Vya kufunga vinaongezeka: faili la keneli, picha ya diski, na maneno unayoipa keneli inapowaka. Chukua sha256 ya vyote. Ukipakua kutoka hazina ya gem5 kwa obtain_resource, taja na resource_version, maana jina moja linaweza kuwa na matoleo mengi. Saa ya ndani ya mashine hiyo huanza kwenye tarehe isiyobadilika. Kuna chaguo la kuweka Now ili itumie tarehe ya leo, nawe usiliguse.

Linalovuruga watu zaidi ni KVM. Kuwasha Linux kwa prosesa ya O3, ile inayotekeleza amri bila kufuata foleni, ni mateso. Fanya hesabu: sekunde moja ya prosesa ya GHz 3 inayomaliza amri moja kwa kila mzunguko ni amri 3,000,000,000. Simuleta inayokwenda amri 200,000 kwa sekunde itazihitaji sekunde 15,000, yaani saa 4 na dakika 10, kwa sekunde moja tu. Kwa hiyo watu huwasha kwa KVM, ambayo hutumia prosesa halisi ya kompyuta mwenyeji, kisha hubadili kwenda O3 wanapofika kwenye kazi yenyewe. Kasi hiyo ina gharama: chini ya KVM muda hufuata mashine halisi, na mfumo utafika kwenye kazi yako ukiwa katika hali tofauti kila mara.

Njia ya kutoka ni kuwasha mara moja tu, kuchukua chekipointi, yaani hali ya mashine ikihifadhiwa kwenye folda, kabla ya kazi kuanza, na kuendesha vipimo vyote kutoka chekipointi hiyohiyo moja. Mwenzako asiwashe upya, mpe folda ya chekipointi ilivyo. Chekipointi pia itakuokoa umeme ukikatika saa ya tatu ya uigizaji, jambo ambalo wengi wetu hatuhitaji kulifafanuliwa.

Kumbuka tu kwamba katika mfumo wa kashe wa kawaida wa gem5, chekipointi haibebi kilichomo ndani ya kashe wala alichojifunza mbashiri wa njia, sehemu ya prosesa inayokisia amri zipi zitafuata. Vyote vinaanza vitupu. Acha programu ikimbie kidogo ipashe moto, kisha ufute takwimu ndipo upime.

Hatua ya 8: Jaribio la marudio, na msako

Kabla ya kutoa namba yoyote kwa mtu yeyote, endesha mara mbili kwenye folda mbili na ulinganishe kila kitu isipokuwa familia ya host:

```
grep -v '^host' /kazi/m1/stats.txt > a.txt
grep -v '^host' /kazi/m2/stats.txt > b.txt
cmp a.txt b.txt && echo sawa
```

Neno sawa likitokea, rudia kwenye kompyuta ya pili. Lisipotokea, usianze kubahatisha. Omba simuleta ikuonyeshe kila amri iliyotekelezwa:

```
build/X86/gem5.opt -d /kazi/m1 --debug-flags=Exec \
    --debug-file=nyayo.gz skripti.py
```

Fanya vivyo hivyo kwa m2, kisha `zcmp /kazi/m1/nyayo.gz /kazi/m2/nyayo.gz`. Itakupa namba ya mstari wa kwanza unaotofautiana. Faili hizi huvimba kupita kiasi, kwa hiyo punguza ukubwa wa data ya kupimia, au tumia --debug-start kuanzia karibu na pale unapopashuku. Ndani ya gem5 kuna pia skripti iitwayo util/tracediff inayoendesha simuleta mbili sambamba na kulinganisha nyayo zake papo hapo, bila kujaza diski.

Mstari huo wa kwanza uusome taratibu. Kila mstari una tiki, jina la prosesa, anwani ya amri, amri yenyewe, na kama inagusa memori, anwani ya data baada ya A=.

Anwani ya amri ikiwa ileile lakini tiki imehama, programu inafuata njia ileile ila kitu kimechelewa: tafuta kwenye kashe, memori, au vigezo vya config.ini. Tiki na amri zikiwa sawa lakini anwani ya A= imehama, rudi hatua ya 4, staki yako imesukumwa. Na kama amri yenyewe ni nyingine, programu imechukua njia tofauti: data ya kuingiza si ileile, au mbegu, au faili la programu. Panda mistari michache juu, mara nyingi utakuta ulinganisho uliosoma thamani tofauti, na kutoka hapo ni kuufuata uzi hadi kwenye chanzo. Kwenye mkasa wangu wa folda, mstari wa kwanza ulikuwa na A= zilizopishana. Ningeufungua siku ya kwanza badala ya kujenga upya kila kitu, ningelala mapema.

Hatua ya 9: Nyuzi nyingi, ambako namba moja haitoshi

Ukishafika hapa una namba inayorudi ilivyo. Kwa programu ya nyuzi nyingi, yaani yenye sehemu kadhaa zinazokwenda sambamba, hilo linaweza kukudanganya vibaya. Nyuzi nne zinagombania kufuli moja, linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati. Ukichelewesha jibu moja la memori kwa nanosekunde chache, uzi wa pili unafika kwenye kufuli kabla ya wa kwanza, na kuanzia hapo mpangilio wote wa kazi ni mwingine. Alaa Alameldeen na David Wood wa Wisconsin walilieleza hili 2003: mzunguko mmoja wa simuleta ni njia moja tu kati ya nyingi ambazo programu ingeweza kupita, na kulinganisha miundo miwili kwa mzunguko mmoja mmoja kunaweza kumpa ushindi asiyestahili. Walipendekeza kuingiza ucheleweshaji mdogo wa nasibu kwenye memori, kuendesha mara nyingi, na kutoa wastani pamoja na mtawanyiko wake.

gem5 ilirithi wazo hilo. Ukitumia Ruby, mfumo wa gem5 wa kuigiza kashe na memori kwa undani, RubySystem ina kigezo cha randomization kinachotia ucheleweshaji wa nasibu kwenye ujumbe. Kiwashe, kisha kwa kila mzunguko mpe mbegu yake kwa seedRandom ya gem5: mzunguko wa kwanza mbegu 1, wa pili mbegu 2, hadi 10 au zaidi. Kila mbegu ukiirudia itatoa namba yake ileile, na zote kwa pamoja zinakuonyesha upana wa ukweli. Pima kwa muda wa kumaliza kazi, si kwa idadi ya amri kwa mzunguko wa saa, kwa sababu uzi unaozunguka mahali pamoja ukingoja kufuli hutekeleza amri nyingi bila kufanya kazi yoyote.

Programu ya uzi mmoja nayo ifanyie kitu cha jamii hiyo. Baada ya kufunga staki katika hatua ya 4, ifungue kwa makusudi:

```
mchakato.env = ["PEDI=" + "x" * urefu]
```

Endesha urefu wa 16, 32, 48, na kuendelea, kwa muundo wa zamani na kwa muundo wako. Kama kusogeza staki pekee kunabadilisha muda kwa asilimia mbili, na kashe yako mpya inaleta asilimia moja, bado hujapata cha kuandika.

Hatua ya 10: Folda ya ushahidi

Kwa kila mzunguko ninaoutegemea, nahifadhi folda moja yenye: alama ya Git ya gem5 na badiliko lolote ambalo halijaingizwa, skripti, config.ini, stats.txt nzima bila kukatwa, sha256 ya programu, data, keneli na diski, mbegu, na amri niliyoandika. Amri na toleo gem5 huvichapisha yenyewe inapoanza, kwa hiyo naelekeza maandishi yale kwenye faili:

```
build/X86/gem5.opt -d /kazi/m1 skripti.py 2>&1 | tee /kazi/m1-kumbukumbu.txt
```

Zikipita siku kadhaa, chukua folda hiyo mwenyewe, kaa kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona mradi wako, ujenge kila kitu kwa kufuata kilichomo humo tu bila kuuliza kumbukumbu za kichwa, kisha uendeshe cmp ya hatua ya 8.

Mara ya kwanza kuna kitu utakuta hakimo. Kiongeze uanze upya.